Bunduki ya Spokane, kambakoche wa Maine

Ndugu zangu, nimekuja na habari za wanasiasa wawili wa Marekani, wote wa chama cha Democratic, waliobadili msimamo juu ya bunduki baada ya damu kumwagika kwao.

Wa kwanza ni Tom Foley, Spika wa Baraza la Wawakilishi. Tangu 1965 aliwakilisha mashariki ya jimbo la Washington, kwenye mashamba ya ngano na mji wa Spokane. Miaka yote hiyo alipinga sheria za kubana bunduki. Juni 1994 mtu mwenye silaha akaingia hospitali ya kambi ya jeshi la anga ya Fairchild, karibu na Spokane, akaua watu. Foley akageuka, akaunga mkono marufuku ya bunduki za kivita. NRA, chama chenye nguvu cha kutetea wenye bunduki, kikamwandama. Novemba akaanguka kwa kura zisizofika 4,000. Tangu 1862 hapakuwa na Spika aliyekipoteza kiti chake kwenye uchaguzi.

Wengi husema bunduki ndiyo iliyommaliza. Mimi sikubali. Mwaka 1992 wapiga kura wa Washington walipitisha ukomo wa vipindi vya wabunge, na Foley akaenda mahakamani kuupinga. Fikirini ninyi ndio wakulima wale: mmepiga kura, halafu mbunge wenu anaishtaki kura yenu! Tayari walishaanza kumwona mtu wa mji mkuu. Bunduki ilikuja kuthibitisha tu.

Sasa twende Maine, kaskazini, nchi ya misitu na wawindaji. Jared Golden, aliyekuwa mbunge wa huko, alikuwa zamani askari wa Marine, akapigana Iraki na Afghanistan, naye alipinga marufuku ya bunduki za kivita. Tarehe 25 Oktoba 2023 mtu mmoja aliua watu 18 Lewiston, mji anakoishi Golden. Kesho yake akasimama mbele ya waandishi wa habari, akakiri kwamba alikosea, akaomba msamaha. Namheshimu sana kwa hilo. Mwaka uliofuata, kwenye kura ya urais, Trump alishinda vizuri eneo lile la ubunge, lakini Golden akapenya kwa kura zisizofika 3,000.

Kilichomwokoa, kwa maoni yangu, ni kambakoche. Wavuvi wa kambakoche wa pwani ya Maine walikuwa wakipambana na kanuni za serikali kuu za kuwalinda nyangumi wasinaswe na kamba za mitego. Golden alisimama na wavuvi, hata serikali ilipokuwa ya chama chake mwenyewe, na mwishoni mwa 2022 Bunge likaziahirisha kanuni mpya hadi mwisho wa 2028. Alipowaudhi kwa bunduki, alikuwa na akiba kwao.

Na mpinzani wake, Austin Theriault, dereva wa zamani wa mashindano ya magari, ni mzaliwa wa Fort Kent, kaskazini kabisa mwa Maine. Hapakuwa na mgeni kati yao wawili, ndiyo maana kura zilikaribiana kiasi kile.