Chupa ya Bure na Tuzo ya Manukato

(Mhadhara kwa wanafunzi wa uandishi wa habari, Nakuru)

Asanteni. Mwalimu wenu aliponiomba nizungumzie tuzo za waandishi wa habari za manukato, nilijua baadhi yenu mtacheka, na naona mmeshaanza. Pafyumu? Tuzo? Katika nchi ambayo mwandishi wa mashinani hulipwa kwa habari iliyochapishwa tu, na nauli ni shauri yake? Chekeni kwanza, nitawangoja.

Tuzo hizo zipo, na zina umri. The Fragrance Foundation, taasisi ya wafanyabiashara wa manukato, iliundwa New York mwaka 1949, na mwaka 1973 ikaanza kutoa tuzo za FiFi kwa pafyumu zenyewe. Waandishi nao wakaja kutengewa fungu lao. Uingereza kuna tuzo za Jasmine. Marekani, mwaka 2015, Mary Ellen Lapsansky, aliyekuwa na cheo kikubwa ndani ya Fragrance Foundation, alianzisha Perfumed Plume pamoja na Lyn Leigh: tuzo ya waandishi wa manukato peke yao.

Sasa tazameni ni nani aliyeketi mezani. Wanaotuza ni watu wa biashara ya manukato au waliokulia humo. Wabunge wetu wangeanzisha tuzo ya mwandishi bora wa habari za bunge, hapa ndani pangewaka moto. Sisemi washindi wamenunuliwa. Nasema mwandishi naye ana pua, na hunusa upesi kinachompendeza mtoa tuzo.

Isitoshe, mwandishi wa urembo hupelekewa chupa kabla haijafika dukani, pamoja na karatasi iliyokwisha kuandikwa: juu bergamoti (tunda la jamii ya machungwa), katikati waridi, chini sandali na miski. Akiinakili karatasi hiyo, kazi imekwisha kabla ya chai ya saa nne. Mnajua habari za bahasha baada ya mkutano na wanahabari. Huku bahasha ni ya kioo na ina kifuniko cha dhahabu.

Mpangilio wenyewe si uongo. Vitu vyepesi huruka kwanza, vizito hubaki kwenye ngozi hadi jioni. Lakini karatasi haikwambii wewe umenusa nini. Richard Axel na Linda Buck walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2004 kwa kuonyesha jinsi pua inavyotambua harufu. Binadamu ana aina 400 hivi za vipokezi vya harufu, na havifanani kwa kila mtu. Wawili wakinusa kitu kimoja na kusimulia tofauti, huenda hakuna aliyedanganya.

Kwa hiyo "harufu ya kifahari inayovutia" haijasema kitu. Chukueni udi wa Pwani, ule uliopikwa na sukari. Ukiutia kwenye chetezo, kinachotangulia ni sukari inayoungua, karibu ikukere. Halafu sukari inaisha na mti unajitokeza, mkavu, una uchungu kidogo. Asubuhi chumba hakina moshi, ila ukivuta pazia linakurudishia usiku mzima. Hayo yaandike, na msomaji wa Njoro ambaye hajawahi kufukiza udi atakuelewa.

Hata hivyo, maelezo mazuri ni nusu ya kazi, na hizi tuzo za ng'ambo huzipenda nusu hiyo kupita kiasi. Nusu ya pili iko barabarani, na nyinyi mmekaa juu yake.

Naivasha iko kaunti hii hii. Nunueni shada la waridi za kupelekwa ng'ambo mlinuse. Mtanusa majani, basi. Waridi hizo zilizalishwa kwa shina refu na ua la kudumu siku nyingi kwenye chombo, harufu ikapotea njiani. Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa na wenzao walieleza kwenye jarida la Science kimeng'enya kiitwacho NUDX1, kinachosaidia waridi kutengeneza harufu yake, na ambacho karibu hakifanyi kazi katika waridi zisizonukia. Waridi za pafyumu ni nyingine, za Bulgaria na Uturuki, zinazochumwa alfajiri, tani 3 hadi 5 za petali kwa kilo moja ya mafuta. Mwulizeni mfanyakazi wa kivungulio mikono yake hunuka nini akirudi nyumbani.

Lakini kubwa ni msandali. Wetu, Osyris lanceolata, si ule wa India. Bei ya sandali ya India ilipopanda na miti yake kuadimika, wafanyabiashara wakageukia huu, na sehemu kama Baringo na Samburu zikapata wageni wa usiku. Mafuta yamo kwenye kiini cha mti na kwenye mizizi, kwa hiyo haukatwi, unang'olewa. Hakuna kisiki kitakachochipua. Na miti hii ina jinsia: wa kike ndio unaosakwa zaidi kwa sababu mafuta yake ni mengi, na ndio unaozaa mbegu. Mizizi yake pia hunyonya kutoka mimea jirani, kwa hiyo huwezi kuuotesha peke yake kama mkaratusi ukategemea ustawi. Serikali ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 msandali wa Afrika Mashariki ukaingizwa kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Magogo bado yanakamatwa kwenye malori.

Habari ya lori hilo huandikwa hivi: kilo kadhaa, washukiwa kadhaa, mahakamani kesho. Aya nne. Hakuna anayeuliza mzigo ulikuwa unakwenda kwa nani, unakamuliwa wapi, wala kijana aliyechimba alilipwa nini kwa gunia. Mwandishi wa urembo wa London ana neno "sandali" kwenye karatasi yake. Wewe una shimo lililobaki Baringo. Hizo ni ncha mbili za habari moja, na mwenye kuzikutanisha hatahitaji kupuliziwa chochote.

Mkiwa na nguo za kubadilisha, ongezeni dampo la Gioto, hapa hapa Nakuru. Harufu ni harufu, na watu wanaishi chini ya ile.

Kuhusu mahali pa kupeleka kazi: tuzo za AJEA za Baraza la Vyombo vya Habari hazina fungu la manukato, na sioni haja. Zina la mazingira. Habari ya msandali inaingia humo bila kupigwa pasi. Someni masharti mapema, na mtunze daftari la safari, kwa sababu mhariri atauliza jina la dereva wa lori mlilipata wapi.