Viza Si Kibali cha Kukaa: Majibu kwa Maswali ya Uhamiaji na Uraia

Habari zenu ndugu zangu. Mliosimama nyuma sogeeni, viti bado vipo.

Nimepitia maswali mliyoyaandika mlipokuwa mnaingia. Mengi, ukiyachambua, yanatokana na kuchanganya vitu vitatu: pasipoti, viza na ruhusa ya kukaa. Pasipoti inasema wewe ni raia wa wapi. Viza inakufikisha mpakani ukaombe kuingia. Kama utaingia, na utakaa siku ngapi, hilo kwa kawaida analimaliza afisa uhamiaji pale dirishani. Ndiyo maana mtu mwenye viza halali kabisa anaweza kurudishwa alikotoka, kwa sababu sheria za nchi nyingi zimeandikwa hivyo.

Swali lililorudiwa kuliko yote: "Viza yangu inaisha nikiwa ndani ya nchi, nimevunja sheria?" Jibu linategemea nchi. Marekani, tarehe iliyo kwenye viza ni ya mwisho ya kuitumia kuingia. Siku za kukaa ziko kwenye rekodi iitwayo I-94, na ukiingia kwa ndege siku hizi hupewi karatasi, unaitazama mwenyewe mtandaoni. Kwa hiyo mtu ana viza ya miaka 10, lakini I-94 imempa miezi 6 tu. Akikaa kinyume cha sheria kwa zaidi ya siku 180 kisha akaondoka, anafungiwa kurudi miaka 3. Ukitimia mwaka, anafungiwa miaka 10. Angalieni mtego uliopo hapo: marufuku hiyo ya kurudi inaanza anapotoka. Ndiyo maana wengi wanaojua wameshapitiliza hawathubutu kutoka hata kwa msiba wa mzazi.

Ulaya, kwenye nchi 29 za Schengen, yaani zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, tatizo ni hesabu. Kanuni inasema siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180. Watu wanasikia 90, hiyo 180 inawapita. Tuchukue mtu mwenye viza ya mwaka mzima ya kuingia mara nyingi. Ameingia tarehe 1 Machi, ametoka tarehe 29 Aprili. Siku ya kuingia inahesabiwa, na ya kutoka inahesabiwa, jumla 60. Anarudi tarehe 1 Julai akiamini ameanza upya. Hajaanza upya. Kila siku anayokuwa ndani, unarudi nyuma siku 180 na kuhesabu alizokaa. Zile 60 bado zimo, amebakiwa na 30, na tarehe 30 Julai lazima awe ametoka. Akilala mpaka tarehe 31, amepitiliza, hata kama viza inasoma mpaka Disemba. Akitoka kwa wakati, nafasi inaanza kufunguka tena tarehe 28 Agosti, ile siku ya kwanza ya Machi inapoanguka nje ya hesabu. Nawaona wengine mmeshatoa simu mnapiga hesabu. Pigeni tu, ni bora hapa kuliko mpakani.

Tuje kwenye watoto. "Mwanangu amezaliwa kule, si ni raia wa kule?" Marekani kwa muda mrefu imekuwa hivyo kwa kila mtoto, isipokuwa wachache kama watoto wa wanadiplomasia. Msingi ni marekebisho ya Katiba ya 1868, na Mahakama yao ya Juu iliusimamia mwaka 1898 kwenye kesi ya Wong Kim Ark. Lakini Uingereza iliacha utaratibu huo tangu tarehe 1 Januari 1983. Kule, mtoto anakuwa raia kwa kuzaliwa ikiwa mzazi mmoja ni raia au ana ukaazi wa kudumu siku mtoto anapozaliwa. Kwa hiyo tunzeni ushahidi wa hali yenu ya siku ile. Miaka 20 baadaye ndipo ushahidi huo utakapotafutwa.

Ndoa nitaipitia haraka: cheti cha ndoa peke yake mara nyingi hakikupi uraia. Kinakufungulia njia ya kuomba ukaazi, na huko utaulizwa kama ndoa ni ya kweli.

Uraia pacha unahitaji ruhusa ya nchi zote mbili, na wengi wanauliza upande mmoja tu. Ujerumani imeuruhusu kwa upana tangu Juni 2024. India hairuhusu: raia wake mtu mzima akichukua uraia mwingine kwa hiari yake, wa India unakoma, hata kama pasipoti ya zamani bado iko kabatini.

La mwisho linaniudhi, niseme ukweli. Kuna vishoka wanaowaambia watu wajilipue, yaani waombe hifadhi kwa hadithi ya kununua. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 ni kinga kubwa. Ibara ya 33 inakataza kumrudisha mkimbizi mahali ambapo maisha au uhuru wake uko hatarini, na ibara ya 31 inamkinga anayekuja moja kwa moja kutoka kwenye hatari hiyo asiadhibiwe kwa kuingia bila karatasi, mradi ajitokeze mapema na kueleza sababu. Hadithi ya kishoka imeshatumiwa na wengine, afisa ameisoma, na anayekuja kesho na kisa cha kweli kinachofanana nayo ndiye anayeumia. Na uongo kwenye fomu ni kosa linalojitegemea. Uingereza unaweza kukufungia miaka 10, Marekani maisha yako yote usipopata msamaha maalumu. Kishoka yeye hajasaini popote.

Mwenye barua ya kukataliwa, kabla ya kusoma sababu tafuta siku ya mwisho ya kukata rufaa. Wengine huwa na siku 14 tu, na zinahesabiwa hata kama barua umeiweka mezani hujaifungua. Waliokuja nazo leo tubaki hapa mbele, tuzisome moja moja.