Kupamba nyumba ndogo (ya matofali, sio ile mnayoifikiria)

Haya jamani, shikamooni wakubwa zangu, na wengine mambo vipi. Maiki inasikika huko nyuma? Sawa. Mwenyekiti aliniambia niongelee kupamba nyumba ndogo, na alivyotangaza tu nimewaona akina baba wawili hapo mbele wameshtuka wakageuka kuwaangalia wake zao. Tulieni. Mi naongelea ile ya matofali, vyumba viwili na choo kimoja, hiyo nyingine sina utaalamu nayo.

Nimefundisha sayansikimu zaidi ya miaka 30, nikastaafu nilipofika 60, na nilikuwa najua kila kitu kuhusu kupanga nyumba mpaka siku nilipohama mwenyewe. Kimara tulikuwa na nyumba ya vyumba vinne, sebule, dining, stoo, banda la kuku. Watoto wakaondoka mmoja mmoja, baba yao akatangulia mbele ya haki, nikabaki na dada wa kazi tunapigiana simu, yeye yuko jikoni mimi niko chumbani. Nikaona hapana. Ile nyumba nikaipangisha, nikachukua fleti Upanga, ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Sebule futi 12 kwa 10, chumba changu 10 kwa 10.

Sasa mi mwalimu mzima nikahamisha kila kitu, kirikuu tatu! Nilikuwa na makochi yangu ya Keko, mninga mtupu, yale ya tatu-mbili-moja-moja, watu saba mnakaa bila kugusana magoti. Vijana wakalibeba lile la watu watatu mpaka kwenye kona ya ngazi ya ghorofa ya pili, likakwama. Haliendi mbele, halirudi nyuma, na mimi niko chini yake nimeshika mto. Kuna jirani wa juu alikuwa anawahi kazini, kijana mtanashati kabisa, akasubiri, akaangalia saa, akavua viatu akapanda juu ya kochi akavuka upande wa pili, akavaa viatu vyake, akaniambia "karibu sana mama". Ndo tulivyofahamiana.

Lilipita baada ya kung'olewa miguu. Sikia sasa, shida haikuwa ngazi, shida ni lilipofika ndani. Sebule ikajaa. Tukawa tunapita ubavu kama kaa, friji inafunguka nusu, ukitaka maziwa unaingiza mkono unapapasa. Nikaishi hivo miezi minne na nikawa naisema nyumba, eti ndogo, eti ina joto, kumbe nyumba ya watu haina kosa.

Kwa hiyo kabla hamjanunua hata ua moja la plastiki nendeni mkachukue futi, ile ya mafundi, mpime. Pima mlango, pima kona ya ngazi, watu wanaisahau sana kona. Afu chukua chaki. Mwalimu gani anakosa chaki, lakini haikunijia akilini, kama ningekuwa na akili ningechora ile sebule ya Upanga palepale kwenye sakafu ya Kimara, nikaweka makochi ndani ya mstari nikaona yanavyomwagika nje. Mdogo wangu alipohama yeye nilimfanyia hivo na aliuza nusu ya vitu siku hiyohiyo, maana macho yanakudanganya ila chaki haina undugu.

Chukua kitanda. Mnavipenda vya sita kwa sita, najua. Chumba cha 10 kwa 10 ni futi 100 za mraba, kitanda cha sita kwa sita peke yake kimekula 36, hapo bado kabati, bado mtu. Ukikiweka katikati unabakiwa na futi mbili kila upande, ndo kipimo cha mtu kupita kwa raha, ila kabati litafungukia wapi? Na mimi nalala peke yangu jamani, hiyo sita kwa sita namwekea nani? (Nyie mnaocheka nawaona.) Nimekwenda tano kwa sita, fundi kaniwekea droo chini, mashuka na mablanketi yote yako humo. Nguzo nne za chandarua nimezitoa, natumia cha duara kinachoning'inia darini, asubuhi nakifunga fundo na chumba kinapumua.

Wengine mtasema hayo ya kubanana ni mambo ya fleti za siku hizi. Siyo. Ukienda Lamu, ingia nyumba za zamani za mawe, utakuta vyumba ni virefu ila vyembamba, upana kama mita mbili na nusu, tatu hivi. Sababu ni boriti. Dari lilikaa juu ya miti ya mikoko, na mkoko una urefu wake, huwezi ukauvuta, basi chumba kikafuata mti. Watu walikuwa na hela zao, wana majahazi, na bado wanaishi kwenye upana wa korido! Walifanyaje? Waliuachia ukuta kazi. Zile zidaka, vijidirisha visivyotokea upande wa pili, zimepangwa safu kwa safu ndani ya chokaa nyeupe, humo wanaweka sahani za China, wanaweka msahafu, taa. Hakuna kabati lililosogea mbele hata inchi moja. Dari liko juu, na kitanda nacho kirefu mpaka upande kwa kigoda. Nilisimama mle nikajisikia aibu na lile kabati langu la vyombo.

Lile kabati ndo nataka niliongelee vizuri maana nadhani kila mtu humu analo. La kioo, taa ndani, glasi za harusi, seti ya chai yenye maua ambayo haijawahi kuona chai. Langu lilikuwa na glasi 36. Nikakaa nikahesabu, toka nimehamia ni lini wamekuja wageni wakafika hata sita kwa mpigo? Mara moja, na walikunywa soda za chupa. Sebule yangu nzima nilikuwa nimempambia mgeni ambaye haji, na mimi ninayelala humo nakaa kwenye stuli jikoni! Makochi hivohivo, viti saba, mkaaji mmoja na dada. Nikauza yote, nikabakisha kile cha mtu mmoja alichokuwa anakaa mzee, nikaongeza benchi jembamba lenye mfuniko chini ya dirisha, ukilifunua ndani kuna mito na feni mbovu. Wageni wakizidi natandika mkeka wa ukindu, na niwaambie ukweli watu wanaongea vizuri zaidi kwenye mkeka.

Ukutani fundi kanipigia rafu tatu nyembamba za mbao, zimeanzia juu ya kichwa. Muulize mwenye nyumba kwanza kabla hujatoboa, mi niliuliza baadaye, tukagombana. Kioo kikubwa nimekiweka mkabala na dirisha, mwanga unaingia mara mbili. Picha za mahafali zilikuwa 11 na fremu za dhahabu, nimetundika mbili, nyingine watoto wamekuja kuzichukua kwa kununa. Rangi ya maziwa mpaka darini, chumba chote rangi moja, ukiweka mstari wa rangi nyingine katikati ya ukuta umekifupisha.

Pazia sasa. Zile za tabaka tatu zenye vishada, kwa joto hili la Dar, kwenye futi 10? Mnajitafutia jasho. Chukua kitambaa chepesi kimoja, bomba la pazia lipande karibu na dari kabisa, kitambaa kishuke mpaka chini, dirisha litaonekana refu hata kama ni la kitoto. Na msiweke kabati mbele ya dirisha. Nimeenda nyumba moja nikaona friji imeziba dirisha pekee la sebule, halafu wanalalamika umeme wa feni. Kabati liache ukuta kama vidole vinne, la sivyo msimu wa mvua nyuma yake kutaota ukungu na nguo zitanuka.

Kuna jambo watu hawalisemi, wanaogopa kuambiwa wamefulia. Shemeji yangu mmoja alivyokuja mara ya kwanza akasimama mlangoni akauliza, "mengine yako wapi?" Nikamwambia ndo yote haya. Akakaa kimya kweli. Juzi kaja tena kaniomba namba ya fundi.

Haya, maswali. Mama pale, naam. Kama nilipata shida kuuza vya mzee? Kochi halikunisumbua, koti ndo lilinisumbua. Nilitoa mashati yote, nikabaki na koti moja, liko nyuma ya mlango, natundikia na mwavuli wangu.

Baba? Zile glasi 36? Ai. Mnaniumbua. Nilimpa binti yangu 12, nyingine 12 ziko hapa kwenye kikundi, ndo hizo mnazonywea juisi. Zilizobaki ziko chini ya kitanda, kwenye boksi, nimezifunga na gazeti. Msiniulize kwa nini.