Sindano Nyepesi Ndiyo Inayochubua Santuri

Mabibi na mabwana, jambo hili nimelisema mara nyingi mbele ya wapenzi wa muziki wa hapa Nairobi, na nitazidi kulisema maadamu watu wananunua spika mpya ili kutibu ugonjwa uliomo kwenye mkono wa gramafoni.

Wengi wenu mmerithi imani kwamba sindano ikiigusa santuri kwa wepesi ndipo santuri itakapodumu. Si kweli hata kidogo. Katriji, yaani kile kijisanduku kinachobeba sindano kwenye ncha ya mkono, nyingi za siku hizi huhitaji mkandamizo wa kati ya gramu 1.5 na 2.5; Ortofon 2M Red, kwa mfano, hutakiwa gramu 1.8. Ukiushusha mkandamizo hadi gramu 1, sindano hushindwa kuyafuata mawimbi makubwa ya mfereji, hurukaruka, na kila inapotua ile almasi huupiga ukuta wa plastiki na kuuchubua. Mkwaruzo utausikia kwanza katika sauti ya “s” ya mwimbaji na katika gitaa la juu, na ukishachongwa humo hakuna sindano itakayouondoa. Santuri nyingi za benga za miaka ya 1970 hazijachapwa tena. Tunaziharibu kwa kudhani tunazihurumia.

Mtaniuliza: basi kwa nini tusiweke sarafu juu ya kichwa cha mkono, kama ilivyozoeleka? Kwa sababu shilingi moja ya chuma peke yake ina zaidi ya gramu 5, nayo huongezwa juu ya uzito uliokuwapo. Shina la sindano hulala, na tumbo la katriji huanza kuburuzika juu ya santuri.

Fanyeni hivi. Zimeni nguvu inayozuia mkono usivutwe ndani, ondoeni kifuniko cha sindano, kisha zungusheni uzani ulio mkiani mwa mkono polepole mpaka mkono uelee sambamba na sahani inayobeba santuri, usipande wala usishuke. Hapo geuzeni pete ya namba iliyo kwenye uzani huo peke yake hadi sifuri, ndipo mzungushe uzani wote hadi kipimo cha mtengenezaji. Wala msiiamini pete hiyo. Hakikisheni kwa mizani ndogo ya sonara inayosoma sehemu ya mia ya gramu, na sindano itue juu yake katika kimo kile kile cha santuri.

La pili ni mkao wa katriji. Santuri ya mizunguko 33 na theluthi hupita chini ya sindano kwa takriban sentimita 50 kwa sekunde ukingoni, lakini karibu na kibandiko mwendo huo hushuka hadi 20 hivi, kwa hiyo mawimbi hubanana na kosa dogo la pembe husikika. Katika benga nyingi gitaa hukolea mwishoni mwa wimbo, na wimbo wa mwisho wa kila upande huishia pale pale penye shida. Tumieni karatasi ya vipimo yenye nukta mbili, milimita 66 na takriban 121 kutoka katikati ya sahani, na katriji ikae sawa na mistari ya karatasi hiyo katika nukta zote mbili.

Ile nguvu inayozuia mkono usivutwe ndani irudisheni ilingane na gramu mlizoweka. Kuhusu sindano kusimama wima ikitazamwa kwa mbele, muda hautoshi. Aliyekuja na gramafoni yake ailete hapa mezani tuipime.