Wanafunzi Saba Waliopotea Kwenye Seti

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo ni vitu visivyojirudia lakini vyenye mpangilio. Kaka Baraka, hili limekukaa rohoni.

BARAKA: Sana, dada. Niliandikia shule moja programu ya matokeo, kwa lugha ya kompyuta ya Java. Nilitaka wanafunzi wajipange wenyewe kwa alama, na asitokee mtu mara mbili. Nikachukua TreeSet, yaani seti, mkusanyiko usiokubali kitu kurudiwa, ila hii inapanga vitu vyake yenyewe; nikaiambia ilinganishe alama, basi. Darasa lina wanafunzi 43, karatasi ikatoka na majina 36.

REHEMA: Saba wameenda wapi?

BARAKA: Walilingana alama na wenzao! TreeSet haiulizi kama hawa ni mtu mmoja. Inauliza tu nani atangulie. Jibu likiwa sifuri, yaani wako sawa, wa pili anahesabiwa marudio na kuachwa nje. Hakuna kosa linalotokea, hakuna onyo. Mzazi mmoja akaja na daftari mkononi: "Mwanangu kapata 71, mbona hayumo?" Nilikosa la kumjibu.

REHEMA: Kumbe kinachopanga ndicho kinachoamua nani ni marudio.

BARAKA: Ndicho hicho hicho. Hata BigDecimal, aina ya namba za desimali za Java: 2.0 na 2.00 ukizitia kwenye HashSet, seti isiyopanga, zinakaa zote mbili, kwenye TreeSet inabaki moja. Ilibidi nilinganishe alama kwanza, zikiwa sawa nilinganishe namba ya usajili.

REHEMA: Mimi ningeanza na swali jingine: mpangilio upi? Kuna wa kufika, kama foleni ya zahanati, aliyetangulia katangulia. Na kuna wa kupangwa, mdogo hadi mkubwa. Wa kufika, Java ina seti iitwayo LinkedHashSet, na Set ya lugha ya JavaScript inautunza yenyewe. Seti ya lugha ya Python haina ahadi hiyo. Huko natumia kamusi, ambayo kila ufunguo unakaa humo mara moja tu, dict.fromkeys(majina), maana tangu toleo la 3.7, mwaka 2018, kamusi kutunza mpangilio wa kuingiza ni sheria ya lugha.

BARAKA: Na wa kupangwa, kwa Python?

REHEMA: Jaza seti, ukimaliza ita sorted, amri ya kupanga. Mti, yaani muundo wa matawi kama ule TreeSet inaotunzia vitu vyake, unalipa pale vitu vinapoingia na kutoka kutwa nzima, na kila mara unataka kujua nani anaongoza. Kwenye vitu milioni moja, kutafuta kimoja ni hatua kama 20 hivi. Matokeo ya shule yalikuwa yanatoka mara ngapi?

BARAKA: Mara mbili kwa mwaka.

REHEMA: Basi mti wa nini, kaka?

BARAKA: Nimeshautoa. Sasa kila mwanafunzi anashikwa na namba yake ya usajili, hiyo ndiyo inayozuia kuingia mara mbili. Alama zinapanga tu, tena wakati wa kuchapisha. Nilimpelekea yule mzazi karatasi mpya mwenyewe. Mwanawe alikuwa wa 12.