Mlango Uachwe Wazi: Maneno kwa Waumini na Wanakwaya, Kisumu, Kabla ya Msimu wa Muziki

Bwana asifiwe. Wazee wa kanisa, akina mama, wanakwaya, na nyinyi vijana mlioketi kule nyuma karibu na kinanda, nawasalimu.

Jumapili mbili zilizopita tulikuwa humu tukifanya mazoezi. Mama mmoja alikuwa akitoka soko la Kibuye, beseni la omena kichwani. Akasimama dirishani. Akalitua beseni, kata akabaki nayo mkononi, akasikiliza mpaka besi walipokimaliza kipande walichokirudia mara sita. Nilipotoka kumkaribisha ndani, akaniuliza, "Mwalimu, kuingia ni ngapi?"

Swali hilo halijanitoka moyoni. Ndiyo maana leo naomba msimu wetu, kuanzia tamasha la kwanza hadi la mwisho, usiwe na tiketi.

Najua kamati ina hoja. Wapiga fidla wana nauli, vyombo ni vya kukodi, na mwaka jana tulibaki na deni. Lakini jambo hili halikuanza nasi. Kule Lübeck, kaskazini mwa Ujerumani, Dieterich Buxtehude alikabidhiwa kinanda cha kanisa la Mtakatifu Maria mwaka 1668. Alikuta desturi ya muziki wa jioni, akaikuza ikawa msimu wa Jumapili tano kila mwaka kuelekea Krismasi. Watu waliingia bure. Gharama zilibebwa na wafanyabiashara wa mji, na Buxtehude mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwaandikia kuwaomba.

Mwaka 1705 kijana wa miaka 20, Johann Sebastian Bach, mpiga kinanda wa kanisa ambaye baadaye alikuwa mtunzi mashuhuri, alitoka mji wa Arnstadt, huko huko Ujerumani, kwa miguu kwenda kumsikiliza. Ni zaidi ya kilomita 400. Ni kama utoke hapa Kisumu, upite Nakuru, upite Nairobi, ndipo ufike Machakos. Aliomba ruhusa ya wiki nne, akakaa karibu miezi minne, na aliporudi wakubwa wake walimgombeza vikali. Mimi nikimfikiria kijana yule barabarani, baridi ikimkaza, nasema aliyetembea hivyo hafai kudaiwa hela mlangoni.

Sasa hiyo Haleluya tunayoipenda sote. Imo ndani ya Messiah, utungo mrefu wa kwaya na vyombo juu ya Masihi. Mtunzi Handel aliitunga Messiah mwaka 1741 kwa wiki tatu na siku chache, ikaimbwa kwa mara ya kwanza Dublin, Ireland, tarehe 13 Aprili 1742. Hapo tiketi ziliuzwa, sitawaficha. Ila mapato yaligawanywa mafungu matatu: mawili kwa hospitali, moja kwa wafungwa wa madeni. Wafungwa 142 wakatoka. Waandalizi waliwaomba akina mama waje bila zile sketi zilizotanuliwa kwa mapete, na wanaume waache panga zao nyumbani, ili ukumbi uchukue watu wengi zaidi. Wakaingia kama 700. Watu wenye mali walikubali kubanana ili mwingine apate pa kukaa!

Nani kati yetu hajachangia bili ya ndugu aliyekwisha kupona lakini haruhusiwi kutoka wodini? Shangazi yangu alikaa hivyo siku 11, nguo zake zimekunjwa ndani ya mfuko, akingoja tupate salio. Basi sadaka ya kila tamasha iende huko. Na gharama zetu, twende tukaombe kwa wenye maduka pale Oginga Odinga Street, mmoja mmoja, kwa barua yenye muhuri wa kanisa. Niko tayari kuandamana na yeyote.

Wapo wanaosema muziki huu si wa mama wa omena. Ndugu zangu, solfa yenyewe tunayoisoma, hii ya do, re, mi, ilianzishwa na mwalimu wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover, kwa ajili ya watoto, kisha mchungaji John Curwen akaieneza kwa watu wa kawaida wasiojua noti. Ikaletwa kwetu, ikaandikwa kwa chaki ubaoni, na wazee wetu wakaimba sauti nne bila kinanda. Mama yule angeisoma kwa wiki moja.

Mlinzi, tafadhali fungua mlango wa kando, ule wa upande wa barabara. Asante. Sauti ya kwanza, simameni. Tuanze polepole: do, so, la, so.