Namba ya kwenye lebo na jicho la sungura

Haya jamani, wa nyuma mnanisikia? Sawa, tuanze. Wengi wenu hapa mnashika kemikali kila siku kwa hiyo nianze na kitu mnachokijua, chukueni dumu la asetoni, hii hii ya kutolea rangi ya kucha na ya kusafishia brashi, geuzeni lebo msome. Kuna mraba mwekundu umesimama kwa kona, ndani yake alama ya mshangao, na chini wameandika inasababisha muwasho mkubwa wa macho, namba H319. Mtu anasoma anapita. Mimi leo nataka tusipite, nataka tuulize aliyeandika hapo alijuaje, na hayo majibu yake yana uzito kiasi gani.

Alijua kwa sababu kuna sungura aliwekewa kemikali jichoni. Hiyo ndiyo njia iliyotumika kwa kemikali nyingi sana za viwandani, inaitwa testi ya Draize, na inafanywa hivi. Anachukuliwa sungura mweupe, albino, kope lake la chini linavutwa kidogo mpaka linakuwa kama kikombe, inatiwa mililita 0.1 ya kemikali, au kama ni unga basi isiyozidi miligramu 100, halafu kope zinashikwa pamoja kama sekunde moja isimwagike. Jicho la pili linaachwa hivyo hivyo, la kulinganishia. Baadaye mtu anakuja kuangalia, saa 1, saa 24, saa 48, saa 72, na kama jicho halijapona wanaendelea kuangalia mpaka siku ya 21. Zamani sungura walikuwa 6 au zaidi na walibanwa shingo kwenye vibanda wasiweze kujipangusa kwa miguu, tena bila dawa ya maumivu. Siku hizi mwongozo namba 405 wa OECD, ile jumuiya ya nchi zinazokubaliana namna ya kupima kemikali, unataka uanze na sungura mmoja, na tangu 2012 unataka apewe ganzi na dawa ya maumivu. 2012, jamani. Mwongozo wenyewe ni wa 1981.

Sasa maksi zinatolewaje, hapa ndipo naomba mnisikilize vizuri. Kornea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho, ndiyo yenye maksi nyingi, mpaka 80. Mkaguzi anaangalia ukungu, anaupa kuanzia 0 mpaka 4, sifuri ni hakuna kitu, nne ni jicho limekuwa jeupe huoni hata duara la rangi lililoko nyuma yake, kisha anakadiria ukungu umefunika eneo gani, anazidisha, anazidisha tena kwa 5. Duara la rangi lina maksi 10, na utando wa ndani ya kope, yaani wekundu, uvimbe na majimaji, una 20. Jumla 110. Inaonekana ni hesabu safi kabisa, lakini mwanzo wa hesabu ni mtu ameinama anaangalia jicho na kusema hii naona ni mbili, na mwingine akiinama pale pale anasema tatu. Ni kama kuwapa walimu watano insha moja wasahihishe. Na si mimi nasema, mwaka 1971 watafiti wawili, Weil na Scala, walichapisha matokeo ya kupeleka kemikali zile zile kwenye maabara zaidi ya 20, na kuna kemikali maabara moja iliiona kali mno na nyingine ikaiona haina shida.

Dada pale ameuliza kwa nini sungura. Swali zuri. Jicho lake kubwa, mpole, bei yake nafuu, na albino hana rangi kwenye jicho kwa hiyo wekundu unaonekana haraka. Hizo ni sababu za urahisi wa kazi, hazihusiani na kufanana na sisi, maana sungura ana kope la tatu ambalo wewe huna, kornea yake ni nyembamba kuliko yako, na anapepesa macho mara chache sana.

Lakini tuwe wa haki kwa waliotangulia. Mwaka 1933 Marekani kulikuwa na rangi ya kupaka kope na nyusi inaitwa Lash Lure, wanawake walipofuka, mmoja akafa, na serikali haikuwa na sheria ya kuiondoa sokoni. Sheria ikaja 1938, na 1944 John Draize na wenzake wa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, wakachapisha hii njia. Walikuwa wanalinda watu. Ninachokataa mimi ni kwamba kitu cha dharura cha 1944 kikageuka kipimo cha dhahabu, kila njia mpya lazima ifanane nacho, wakati chenyewe hakijawahi kupimwa kwa ukali huo.

Na mengine hayakuhitaji mnyama kabisa. Kostiki soda, unaihitajia sungura ya nini? Kitu chenye pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, ya 2 kushuka chini, au 11.5 kupanda juu, sheria za lebo zinaruhusu ukihesabu kuwa kinaharibu jicho, kipande cha karatasi ya pH kinatosha, halafu bado kuna macho yaliyochomwa kuthibitisha kile karatasi ilishasema. Hilo linaniuma mpaka leo.

Njia zingine zipo. Jicho la ng'ombe kutoka machinjioni, mnyama alishachinjwa kwa ajili ya nyama, kornea inatolewa, kemikali ya maji inakaa dakika 10, wanapima mwanga unapita kiasi gani na rangi inavuja kiasi gani, OECD ilikubali 2009, na jicho la kuku mwaka huo huo. Tangu 2015 kuna seli za binadamu zilizooteshwa maabara zikawa tabaka kama la juu ya kornea, unaweka kemikali, unaosha, unapima seli ngapi bado hai, na kama zimebaki zaidi ya asilimia 60 kemikali haiandikwi kuwa ya hatari kwa macho.

Ugumu ulibaki kwa hizi za katikati kama asetoni yetu, zinazowasha sana kisha jicho likapona ndani ya siku 21, kwa sababu seli kwenye kisahani hazikai siku 21 kukuonyesha zinapona. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa hoja ya kumrudia sungura. Mwaka 2022 OECD ikatoa mwongozo namba 467, kwa vimiminika visivyo vya jamii ya sabuni, unaunganisha njia mbili tatu bila mnyama hai na unapata makundi yote matatu, inayoharibu, inayowasha, isiyo na shida. Kwa hiyo mkiletewa kemikali mpya kazini fungueni karatasi ya usalama, sehemu ya 11, muone walipimaje, na kama ni kimiminika cha aina hiyo na wameandika sungura na tarehe ni ya baada ya hapo, mwandikieni muuzaji mumuulize kwa nini.